Elektroforesisi ya Kapilari kwenye Maabara ya Dawa: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Kila Siku kwa Mfano wa Metformini

Elektroforesisi ya kapilari, yaani kutenganisha kemikali kwa umeme ndani ya mrija mwembamba, ambayo maabara nyingi huiita CE tu, ina sifa mbaya isiyoistahili: eti ni mashine ya watafiti, majibu yake yanayumba, haifai kwa kazi ya kila siku. Ukiichunguza maabara iliyokata tamaa nayo, mara nyingi utakuta kosa ni moja. Waliiendesha kama HPLC, kromatografia inayosukuma kimiminika kwa pampu yenye shinikizo kubwa kupitia kolamu. CE haina pampu wala kolamu, na mambo yanayoivuruga ni mengine kabisa: ukuta wa kapilari, bafa (myeyusho unaoshikilia pH) inayochoka ndani ya kichupa, joto, na hesabu ya eneo la kilele, yaani mchoro unaopanda dawa inapopita kwenye kitambuzi, ambayo wengi huisahau.

Mwongozo huu ni wa mchambuzi anayeijua HPLC na sasa amekabidhiwa CE. Mfano ni mmoja mwanzo hadi mwisho: kupima kiasi cha metformini haidrokloridi katika vidonge vya miligramu 500. Ni dawa ya kisukari inayopita maabara zetu kila wiki, na ni ya aina ambayo CE huipenda.

Kwanza, jiulize kama kazi hiyo ni ya CE

Kapilari ni mrija wa silika wenye tundu la mikromita 50 au 75, umepakwa polimaidi kwa nje ili usivunjike ovyo. Ncha zake mbili huzamishwa kwenye vichupa vya bafa, umeme wa hadi kilovolti 30 hupitishwa, na kila ioni hukimbia kwa kasi yake kulingana na chaji na ukubwa wake. Ukuta wa silika nao una chaji hasi pH inapopanda, na chaji hiyo hukokota kimiminika chote kuelekea kathodi. Huo ndio mtiririko wa osmosi ya umeme. Kwenye pH 2.5 mtiririko huo hubaki kidogo sana, kwa hiyo chembe zenye chaji chanya hufika kwenye kitambuzi kwa nguvu zake zenyewe, na zisizo na chaji hubaki nyuma.

Metformini ina chaji chanya karibu kwenye kila pH utakayoitumia na inapenda maji mno. Kwenye kolamu ya kawaida ya C18 hupita bila kushikwa, ndiyo maana mbinu za HPLC huiwekea kikali cha kuunda jozi za ioni au hutumia kolamu ya kubadilishana ioni. Kwenye CE haihitaji chochote: bafa ya fosfeti inatosha, na kilele kinatoka chini ya dakika tano.

Kazi nyingine ambazo ningeipa CE bila kusita ni kupima ioni ambatani za chumvi za dawa (kloridi, sodiamu, salfeti), kutenganisha pacha za kioo (molekuli mbili zinazofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo) kwa kutia saiklodekstrini kwenye bafa, na protini. Famakopia ya Ulaya, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, hutumia CE kuangalia pacha isiyotakiwa ya ropivakaini na kutambua erithropoietini. Mwaka 2008, heparini iliyochanganywa na kondroitini yenye salfeti kupita kiasi ilipohusishwa na vifo vya wagonjwa Marekani, FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, ilitoa hadharani njia mbili za kuigundua, NMR (mwangwi sumaku wa nyuklia) na CE, kwa kuwa vipimo vya zamani vya famakopia vilikuwa vimeipitisha.

Usiipe CE kazi ambayo HPLC inaifanya vizuri bila taabu, na usiipe dawa zisizoyeyuka kwenye maji kama lumefantrini, isipokuwa una sababu nzito. Usiitegemee pia kwa viwango vidogo sana. Mwanga wa kitambuzi unakatiza mikromita 50 tu za kimiminika, kwa hiyo unyeti wake kwa mkusanyiko ni mdogo kuliko wa HPLC. NDMA, uchafu unaoshukiwa kuleta saratani uliosababisha metformini kurejeshwa kutoka sokoni mwaka 2020 huwezi kuiona hapa. Hiyo inahitaji spektrometa ya masi. Hata sayanoguanidini, uchafu unaojulikana wa metformini, haina chaji kwenye pH 2.5 na haitafika kwenye kitambuzi ndani ya muda wa kipimo chetu. Kwa hiyo mbinu ninayoieleza ni ya kutambua dawa na kupima kiasi chake. Andika hivyo kwenye itifaki, asije mtu kuitumia kutangaza kwamba dawa ni safi.

Kuandaa kapilari

Chukua kapilari ya silika tupu, tundu mikromita 50, urefu sentimita 48.5, na sentimita 40 toka mwanzo hadi dirisha la kitambuzi. Mashine yako ikiwa na vipimo vingine, badilisha volti ili nguvu ya umeme kwa kila sentimita ibaki ileile.

Kukata ndiko kunakoharibu kazi nyingi kabla hazijaanza. Kwaruza mara moja tu kwa kikatio cha seramiki, kisha vuta kapilari kwa mstari mnyoofu hadi iachane. Usiisugue kama unakata waya. Tazama ncha kwa kioo cha kukuzia: ikiwa na meno au imekatika mshazari, kata tena, kwani ncha mbovu hubeba sampuli isiyo sawa kila mara na vilele hutoka na mikia. Choma milimita 2 hadi 3 za polimaidi kutengeneza dirisha, futa masizi kwa karatasi laini yenye ethanoli, na toka hapo usiliguse wala usilipinde. Ukiweza, ondoa polimaidi kidogo kwenye ncha pia. Ikivimba hunasa sampuli na kuipeleka kwenye kichupa kinachofuata.

Kapilari mpya huoshwa kwa sodiamu haidroksaidi ya moli 1 kwa lita kwa dakika 20, maji dakika 10, kisha bafa dakika 30. Baada ya hapo, kwa mbinu hii ya pH ya chini, usirudishe sodiamu haidroksaidi kati ya vipimo. Ukuta wa silika hukumbuka pH uliyoipitisha, na huchukua muda mrefu kutulia ukitoka kwenye alkali kwenda kwenye asidi. Maabara nyingi hunakili suuzo la alkali kutoka mbinu za pH ya juu, halafu zinashangaa kwa nini muda wa kufika unasogea siku nzima. Kati ya kipimo na kipimo, bafa kwa dakika 2 inatosha. Ukuta ukichafuka, tumia asidi fosforiki ya moli 0.1 kwa lita. Tenga pia kapilari kwa kila mbinu na uiandike jina.

Bafa: hapa usiharakishe

Itifaki nyingi huandika "bafa ya fosfeti, milimoli 50 kwa lita, pH 2.5" na kuishia hapo. Maneno hayo yanaweza kuwa bafa mbili tofauti. Wa kwanza anapima sodiamu dihaidrojeni fosfeti ya milimoli 50, anashusha pH kwa asidi fosforiki, na anaishia na fosfeti inayokaribia milimoli 70 kwa lita. Wa pili anaanza na asidi fosforiki ya milimoli 50 na kuipandisha kwa sodiamu haidroksaidi. Fosfeti inabaki 50. pH ni ileile, lakini mkondo wa umeme unatofautiana kwa theluthi au zaidi, joto ndani ya kapilari linatofautiana, na muda wa kufika pia.

Tufuate njia ya pili. Pima kwa mizani gramu 2.88 za asidi fosforiki ya asilimia 85 (pipeti hukosea kwa kimiminika kizito hivi), ongeza maji safi kufikia mililita 450 hivi, pandisha pH hadi 2.5 kwa sodiamu haidroksaidi ya moli 1 kwa lita, kisha jaza hadi mililita 500. Kipima pH kiwe kimesawazishwa siku hiyohiyo na bafa iwe kwenye nyuzi 25. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45 au chini yake na uondoe hewa. Kiputo kimoja ndani ya tundu la mikromita 50 kinatosha kukata umeme wote.

Kabla ya kuingiza sampuli yoyote, soma mkondo kwenye kilovolti 5, 10, 15, 20, 25 na 30, uchore mstari. Ukiwa mnyoofu, kipozeo kinaondoa joto vya kutosha. Pale unapoanza kupinda kwenda juu, kapilari inachemka. Fanya kazi chini ya hapo. Kwa vipimo tulivyochagua, kilovolti 25 zinatoa mikroampia 40 hivi. Andika namba yako kwenye daftari, kwa sababu mkondo ndio utakaokueleza kila asubuhi kama bafa na kapilari ni zilezile za jana. Mimi huuangalia mkondo kabla ya kuangalia kilele chochote.

Kuandaa sampuli

Pima uzito wa vidonge 20, pata wastani, visage. Chukua unga wenye takribani miligramu 100 za metformini haidrokloridi, tia kwenye chupa ya ujazo ya mililita 100 pamoja na mililita 70 za maji, weka kwenye bafu la mawimbi ya sauti kwa dakika 15, acha ipoe, jaza, chuja. Mililita za kwanza za kichujio zimwage.

Sasa rejeo la ndani, yaani dutu nyingine inayotiwa kwa kiasi kilekile kwenye kila myeyusho ili kulinganishia. Kwenye HPLC ya leo wengi wameliacha kwa sababu kiingizi sampuli ni sahihi mno. Kwenye CE usiliache. Ukiingiza kwa milibari 50 kwa sekunde 5, kinachoingia ni nanolita 8 hadi 9, tone la urefu wa milimita 4 na ushee ndani ya kapilari, chini kidogo ya asilimia 1 ya ujazo wake wote. Kiasi hicho kinategemea unato wa kimiminika, na unato wa maji hubadilika kwa asilimia 2 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto. Kiyoyozi kikizimika mchana, sampuli za saa tisa zitaingia nyingi kuliko za saa tatu asubuhi. Rejeo la ndani linafuta tofauti hiyo, kwa kuwa nalo limeingia zaidi kwa kiwango hichohicho.

Ninapendekeza lignokaini haidrokloridi: inapatikana kirahisi, haiharibiki haraka kwenye maji, ina chaji chanya kwenye pH 2.5, na kwa kuwa molekuli yake ni kubwa hufika nyuma ya metformini. Kwenye chupa ya ujazo ya mililita 100 weka mililita 10 za sampuli iliyochujwa, mililita 10 za lignokaini ya miligramu 1 kwa mililita, mililita 10 za bafa, kisha maji hadi alama. Metformini inakuwa miligramu 0.1 kwa mililita. Myeyusho wa rejea wa metformini uandae kwa njia ileile, kwa dawa rejea yenye cheti.

Kwa nini bafa iwe moja ya kumi tu? Sampuli yenye ioni chache kuliko bafa inayoizunguka hubanwa pamoja umeme unapowashwa, na kilele hutoka chembamba. Kinyume chake pia ni kweli: ukipewa dawa ya dripu iliyo kwenye sodiamu kloridi ya asilimia 0.9, chumvi hiyo itapanua vilele vyako. Izimue kwanza.

Kuendesha kipimo

Joto la kapilari nyuzi 25, kilovolti 25 na anodi upande wa kuingilia, kitambuzi kwenye nanomita 200 ambako fosfeti haimezi mwanga. Ingiza kwa shinikizo, si kwa umeme: umeme huingiza zaidi ioni zenye kasi na hupendelea sampuli zenye chumvi chache, jambo lisilofaa unapotafuta kiasi. Baada ya kuingiza, zamisha ncha mara moja kwenye kichupa cha maji ili kuosha nje yake, kisha ndipo uwashe umeme. Acha dakika 6.

Vichupa vipangwe hivi: bafa ya kusuuzia kwenye kichupa chake, bafa ya kutenganishia kwenye vingine viwili, na taka kwenye cha nne. Usisuuze kwa kichupa unachotenganishia, kwani kimiminika kitapungua upande mmoja na tofauti ya urefu itavuta bafa kutoka kichupa hadi kichupa bila wewe kujua. Umeme wenyewe nao unaila bafa: maji huvunjika, asidi inazidi kwenye anodi na alkali kwenye kathodi. Kwa mikroampia 40 na dakika 6 mabadiliko ya kipimo kimoja ni madogo, lakini yanajikusanya. Badilisha vichupa vya kutenganishia kila baada ya vipimo sita.

Mpangilio wa siku: myeyusho tupu usio na dawa, rejea mara sita, kila sampuli mara mbili, na rejea tena kila baada ya sindano sita. Kabla ya kusoma sampuli, hakikisha uwiano wa metformini kwa lignokaini katika rejea sita haujatofautiana zaidi ya asilimia 2.0 kwa RSD (mkengeuko wa kawaida kama asilimia ya wastani), vilele viwili vimeachana hadi mstari wa chini, na mkondo uko ndani ya asilimia 5 ya ule ulioandika. Kipimo kimoja kati ya hivyo kikigoma, simama.

Hesabu, na kosa linalojirudia

Kwenye HPLC kila kitu hupita kwenye kitambuzi kwa kasi ya pampu. Kwenye CE anayekimbia polepole hukaa mbele ya kitambuzi muda mrefu zaidi, na eneo la kilele chake huvimba bila dawa kuongezeka. Chembe mbili zinazomeza mwanga sawa, moja ikifika dakika ya 3 na nyingine dakika ya 4.5, ya pili itaonyesha eneo mara moja na nusu ya ya kwanza. Kwa hiyo gawanya kila eneo kwa muda wake wa kufika kabla ya kufanya jambo lolote. Programu nyingi za CE zina chaguo la eneo lililosahihishwa. Hakikisha limewashwa, kwa maana programu za kromatografia zilizounganishwa na CE mara nyingi hazina.

Tuseme uwiano wa metformini kwa lignokaini, maeneo yakiwa yamesahihishwa, ni 1.250 kwa rejea ya miligramu 0.1002 kwa mililita, na 1.231 kwa sampuli. Sampuli ina 0.1002 × 1.231 ÷ 1.250 = miligramu 0.09868 kwa mililita. Zidisha kwa 1,000 kwa sababu ya uzimuaji: miligramu 98.68 kwenye unga uliopimwa. Kama unga ulikuwa gramu 0.1190 na wastani wa kidonge gramu 0.5900, kidonge kina miligramu 489.2, yaani asilimia 97.8 ya lebo. Famakopia ya Marekani inataka asilimia 95.0 hadi 105.0. Kimepita.

Mambo yakienda kombo

Hakuna mkondo kabisa? Suuza kwa shinikizo kubwa na utazame kama tone linatoka upande wa pili. Likitoka, ilikuwa hewa au kichupa kitupu. Lisipotoka, kapilari imeziba au imevunjika dirishani, mahali inapovunjika mara nyingi zaidi.

Mkondo ukicheza juu na chini, ondoa hewa kwenye bafa, kisha kagua elektrodi. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, usidharau unyevu wa hewa: chumvi ya bafa iliyokauka kwenye elektrodi ikinyonya unyevu huvujisha umeme, wakati mwingine kwa cheche unazozisikia. Futa elektrodi na sehemu za kuzunguka vichupa kila wiki kwa maji, kisha ethanoli, na uache zikauke kabisa.

Muda wa kufika ukisogea taratibu upande mmoja siku nzima, shuku vichupa vilivyochoka, halafu ukuta, halafu joto la chumba. Ukirukaruka bila mpangilio, shuku muda mfupi wa kusuuza. Kilele chenye umbo la pembetatu huwa ni dalili ya sampuli nzito mno kwa bafa yake. Zimua kabla ya kulaumu kapilari.

Kuithibitisha mbele ya mkaguzi

Famakopia ikisema HPLC na wewe ukatumia CE, mzigo wa kuonyesha kwamba majibu ni sawa ni wako. Mwongozo wa ICH (baraza la kimataifa la kuoanisha kanuni za dawa) Q2(R2) uliopitishwa mwaka 2023 unahusu CE sawasawa na mbinu nyingine: umahususi, unyoofu, usahihi, urudufu, masafa. Kwa metformini ningefanya viwango vitano toka asilimia 50 hadi 150, dawa rejea iliyochanganywa na viambato vya kidonge bila dawa kwa asilimia 80, 100 na 120, matayarisho sita ya sampuli moja, na mchambuzi wa pili siku nyingine kwa kapilari nyingine. Hilo la kapilari nyingine usiliruke. Ndilo swali la kwanza la mkaguzi anayeijua CE. Kisha pima matoleo kadhaa ya dawa kwa CE na HPLC sambamba uonyeshe tofauti.

Ukiipeleka mbinu kwenye maabara nyingine, peleka pia namna bafa ilivyotengenezwa, mkondo unaotarajiwa, urefu wote wa kapilari na urefu hadi dirishani, na aina ya kipozeo. Mashine inayopoza kwa hewa na inayopoza kwa kimiminika hazitoi muda uleule.

Upande wa gharama, HPLC ya mililita 1 kwa dakika inamaliza mililita 10 za kimiminika kwa kipimo cha dakika 10, mara nyingi ikiwamo asetonitrili inayoagizwa nje. Asetonitrili ni zao la pembeni la utengenezaji wa akrilonitrili. Viwanda hivyo vilipopunguza uzalishaji mwaka 2008, maabara dunia nzima ziliihangaikia hadi mwaka uliofuata. Kipimo chetu kinatumia bafa ya maji, kiasi kidogo kisichofika hata mililita moja. Nafuu hiyo iliwavuta pia watafiti wa Uswisi na Ubelgiji, waliochapisha mwaka 2010 maelezo ya kifaa cha CE cha bei ndogo kilichokusudiwa kupima ubora wa dawa na kunasa dawa bandia katika nchi zenye bajeti finyu.

Kufunga kazi jioni

Suuza kwa maji dakika 10. Ukirudi kesho, acha ncha zikizama kwenye vichupa vya maji, kamwe usiziache hewani zikiwa na bafa, kwani fosfeti hukauka na kuziba. Ukiiondoa kwa wiki kadhaa, pitisha hewa dakika 10 baada ya maji, itoe na kaseti yake, na uihifadhi kavu pamoja na kadi yenye jina la mbinu, tarehe ya kukatwa, idadi ya sindano na mkondo wa mwisho uliosomwa. Kata ya umeme ikitokea katikati ya kipimo, hata kama UPS ilishika, tupa matokeo ya sindano hiyo, badilisha vichupa, suuza bafa dakika 5 na uanze upya kwa rejea, si kwa sampuli.